Programu ya Baba Mdogo

3 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu kwanza, hasira zitafuata nyuma yake. Hapa kwangu wote wazima. Shemeji yako anagombana na cherehani yake mpya, inakata uzi kila akifika kwenye pindo, na anasema siku akikushika wewe uliyemshauri aichukue atakushonea shati lisilo na tundu la kichwa. Mama hajambo huko? Goti lake vipi? Nasikia kwako anakula hadi anaongeza, na kwangu alikuwa akiisukuma sahani baada ya matonge mawili. Sawa, sisemi kitu.

Sasa nisikilize. Jumatatu niliingia karakana nikakuta wanafunzi wangu wameizunguka ile kompyuta kuukuu iliyo karibu na dirisha. Kwenye kioo kuna picha ya rezista na mistari yake ya rangi, kubwa kama mkate, na chini yake vibao vya rangi. Mwanafunzi anabonyeza kahawia, anabonyeza nyeusi, anabonyeza nyekundu, na programu inamjibu ukinzani wake: omu elfu moja. Mambo ninayowafundisha muhula mzima, yamekwisha kwa kubonyeza mara tatu. Nikauliza, hiki kitu kimetoka wapi? Aliyekuwa amekaa mbele ya kioo ni binti yangu mwenyewe, Mchwa. Hakugeuka hata kunitazama. Akasema, "Ya baba mdogo. Ya bure."

Alivyolitamka hilo "baba mdogo" ni kama kila mtu alitakiwa asimame.

Wewe unajua tulimwita Mchwa kwa sababu gani. Hakuna redio iliyopita nyumba hii akaiacha nzima. Tangu hajafikisha kichwa kwenye meza yangu ya kazi alikuwa akija na rezista kiganjani, ananishika shati, "Baba, hii ngapi?" Nami nainama, namsomea rangi moja moja. Alipojiunga na chuo changu nikajua maswali yatazidi. Yamekatika. Mwaka mzima huu hajaniuliza hata rezista moja, kumbe ana mtu wake wa kumuuliza, na mtu mwenyewe ni wewe.

Naona wivu, nalisema waziwazi ili usije ukajifanya hukulielewa. Nani alikutuma utengeneze kitu hiki? Vyuo vyote vilivyopo duniani, kikatua kwenye karakana yangu? Na mbona majina ya rangi umeyaandika kwa herufi kubwa kama za bango la mkutano? Unadhani nafundisha vipofu?

Nijibu upesi.

Kaka yako

*

1 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, mitambo ya hapa kiwanda cha uchapaji iliharibika yote kwa pamoja kama iliyoambiana, nikawa nalala na kuamka na nyaya. Mama hajambo, goti linampa ruhusa asubuhi na kumnyima jioni. Anasema kwako alikuwa hali kwa sababu shemeji alikuwa akimpakulia kama mtu anayekwenda kulima, akaogopa hata kuanza. Usiligeuze kuwa kesi.

Mwanangu naye yupo, saluni yake ya kunyoa inakwenda vizuri. Nilimwonyesha programu ile akaitazama kidogo, kisha akaniuliza kama naweza kumtengenezea inayowapanga wateja wake kwa zamu.

Kuhusu hiyo programu, hakuna njama. Wanafunzi wa umeme wanahangaika na zile rangi kila mahali, nikaona niwasaidie. Nimeiweka mtandaoni, kila mwenye kompyuta ataipakua na kuitumia bila kutoa chochote. Ukibonyeza rangi inakupa thamani, ukiandika thamani inakupa rangi, na ukitaka kuziunga rezista mbili au tatu inakukokotolea jumla. Si zaidi ya hapo. Haiwezi kushika chuma cha kulehemu wala kumfokea mwanafunzi mvivu, kwa hiyo kazi yako iko salama.

Ila nina wazo moja, usinikasirikie. Ungeiangaza ukutani darasa zima likaiona. Mwanafunzi mmoja anashika rezista na kuzisoma rangi kwa sauti, wewe unabonyeza, wote wanaona jibu. Kwa njia hiyo ni wao wanaosoma, na wewe unapumzisha macho. Nafikiri watajifunza haraka zaidi.

Msalimie shemeji na Mchwa.

Mdogo wako

*

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti la mama mkandie kwa maji ya moto, si ya vuguvugu. Kama kazi hiyo imekushinda mrudishe kwangu.

Hilo wazo lako nimelisoma mara mbili nikidhani nimeruka mstari. Mimi, mkuu wa karakana, nikae nibonyeze huku watoto wakinisomea rangi? Halafu iweje, nao wanirushie chaki nikikosea? Nani amekuambia macho yangu yanataka kupumzika? Mwenye macho haambiwi tazama, bwana. Na barua yako nayo, mbona umeichapa kwa maandishi ya kufundishia chekechea? Ukurasa mzima maneno kiganja kimoja. Kama wino wa kiwandani ni wa bure sema tujue.

Ninachokiona mimi ni kwamba kosa liko kwenye rezista za siku hizi. Rangi wanazopaka hazina msimamo. Kahawia imeoza kuwa nyekundu, nyekundu imechujuka kuwa kahawia. Juzi mwanafunzi mmoja ameunguza taa zake zote za saketi, na rezista nilimchagulia mwenyewe kwenye droo. Wiki iliyotangulia ilikuwa redio ya jirani. Nimemwandikia muuzaji kumlalamikia. Na balbu za karakana nimezibadilisha zote, maana mwanga wenyewe ulikuwa wa kinyonge.

Kinachoniuma ni Mchwa. Sasa ndiye anayezipanga rezista kwenye droo baada ya vipindi. Sikumtuma. Nikikaribia anaifunga droo kwa nyonga, anasema, "Nimeshamaliza baba, kapumzike." Anazungumza nami kama mtu anayemsindikiza mgeni mlangoni. Na ukipiga simu wewe anatoka nje kuongea. Mnaongea nini huko nje? Tangu utoto mama alikuwa akisema wewe una akili ya kalamu na mimi akili ya bisibisi, nikakubali. Sikujua siku moja kalamu itakuja kunichukulia mtoto.

Nimeamua. Mwisho wa muhula nitafanya mashindano karakana. Mimi kwa macho yangu, darasa kwa programu yako. Tuone nani fundi.

Kaka yako

*

20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama anakusalimu na anasema maji ya moto yamemuunguza, kwa hiyo tumerudi kwenye vuguvugu.

Nakuomba usifanye hayo mashindano. Siombi kwa mzaha. Kama jambo linalokukera ni jina langu kuwa kwenye programu, nitaliondoa niandike lako, maana kusoma rangi ulinifundisha wewe, wakati huo tukilala kitanda kimoja. Kama hata hilo halitoshi nitaiondoa programu yenyewe mtandaoni na Mchwa ataifuta hapo karakana, ingawa ndiye aliyeniomba niitengeneze na itamvunja moyo.

Kwamba tunaongea nini kwenye simu, tunaongea habari za masomo. Huna cha kuogopa kwangu. Nitafurahi ukinijibu kwamba mashindano yamefutwa.

Na kaka, ulipima macho lini mara ya mwisho? Nauliza tu, maana mimi nimepimwa mwezi huu kazini na nimeambiwa umri wetu si wa kujivunia.

Mdogo wako

*

9 Mei

Mdogo wangu,

Ala, kumbe Mchwa ndiye aliyekuomba. Umelificha miezi mitatu, likakuponyoka lenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilipoisoma sentensi ile niliiweka barua chini, nikaenda kukaa uani, na shemeji yako akaniuliza nani amefariki.

Basi mashindano nimeyafanya, na kwa hasira hiyo hiyo. Tulimwaga sinia la rezista mchanganyiko. Upande mmoja mimi na penseli, upande mwingine darasa zima na programu yako. Kila upande unaandika thamani, kisha rezista inapimwa kwa mita, na anayeshika mita ndiye anayetangaza. Nikamchagua Mchwa ashike mita. Wenzake walidhani nitamkataa kwa sababu ni mwanangu na tena ni mtu wa programu. Nikawaambia huyu hajui kusema uongo, hata akivunja kikombe huja na vipande mkononi.

Nimeshinda. Kila tulipotofautiana, Mchwa aliigusisha mita, akasoma kimoyomoyo, akasema, "Baba yuko sahihi." Mara ya kwanza nilijizuia nisicheke. Baadaye sikujizuia. Programu yako imekosa na kukosa, mdogo wangu, mbele ya watu. Wanafunzi walinipigia makofi, ingawa makofi yenyewe yalikuwa ya kivivu, kama wanayompigia mkuu wa chuo akimaliza hotuba ndefu. Waache, kushindwa kunauma.

Mchwa alikwenda kunawa mikono akakawia sana. Najua amenuna kwa ajili yako. Atazoea.

Ile programu usiifute. Iache, iwe ukumbusho.

Kaka yako mshindi

*

14 Mei

Kaka,

Hongera. Mama mzima, mwanangu mzima, mimi mzima.

Tafadhali nenda kapime macho.

Mdogo wako

*

2 Juni

Mdogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Tuko hai.

Jumamosi ilikuwa mahafali. Amplifaya ya chuo ilikuwa inakoroma, nikapewa niitengeneze, nikaifungua kwa raha zote. Ilihitaji rezista ya omu elfu mbili na mia mbili. Nikaichukua kutoka kwenye lile sinia la mashindano, moja ya zile tulizobishania nikashinda. Nilisema elfu mbili na mia mbili, darasa likasema mia mbili na ishirini, Mchwa akapima akasema baba yuko sahihi. Sikuona haja ya kuipima tena, yeye alishapima.

Mkuu wa chuo alikuwa ndiyo kwanza anasema "ndugu wazazi" moshi ukapanda. Spika zikalia mlio mmoja wa kupasua masikio, zikanyamaza. Wageni wakasimama. Kuna mzazi aliyembeba mtoto wake akakimbilia getini. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na tai.

Karakana ilipokuwa tupu nikaichomoa ile rezista, nikaipima. Mia mbili na ishirini. Nikalivuta sinia lote, nikazipima zote zile nilizoshinda, moja baada ya nyingine. Mita ina tarakimu kubwa, hazidanganyi. Karibu zote, programu yako ilikuwa imesema kweli.

Fikiria, mdogo wangu. Wale watoto walikaa pale na majibu sahihi mikononi, wakasikia wakiambiwa wamekosa, wakapiga makofi. Darasa zima. Hakuna hata mmoja aliyeinua mkono. Na mwanangu asiyejua uongo alisimama mbele yangu akaniongopea kila nilipoinua kichwa.

Nilimuuliza nyumbani. Alilia, akaingia ndani kwa mama yake.

Sasa nakuuliza wewe, na usinijibu kwa goti la mama. Ulikuwa unajua nini?

Kaka yako

*

30 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nimeianza barua hii na kuichana zaidi ya mara moja. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, na ilinibidi kwanza nimwombe ruhusa niliyemwahidi. Ameniruhusu jana.

Mwaka jana Mchwa alipokuja likizo kwangu aliniambia, "Baba hatofautishi tena kahawia na nyekundu." Alikuwa ameliona siku nyingi. Ulikuwa unawapa wanafunzi rezista zisizo zenyewe, vitu vinaungua, na wanafunzi wameanza kutazamana. Alisema siku moja pale mezani kwako alikuambia, baba hiyo si nyekundu, ukamjibu kwamba wewe ulizisoma rangi hizo kabla mama yake hajakujua jina. Alicheka siku ile. Hakurudia. Na aliacha kukuletea rezista kiganjani kwa sababu aliogopa utakosea, na yeye ndiye atakayekuwa ameona.

Hofu yake ilikuwa mkuu wa chuo asije akajua kabla yako, ukatolewa karakana kwa aibu. Ndipo akaniomba programu. Kazi yake ilikuwa hiyo: darasa lizisome rangi, wewe ubonyeze, kosa lisipate pa kuingilia. Herufi kubwa alizitaka yeye. Hata hizi za barua zangu ni agizo lake. Baada ya vipindi alikuwa akizipanga droo upya ili utakachokishika kesho yake kiwe ndicho. Wenzake walijua, kwa sababu aliwaambia, na akawaomba. Walikubali kushindwa kwa sababu wanakupenda, kaka, ingawa hujawahi kumsifia hata mmoja wao.

Umeniandikia habari za wivu tangu Februari, nami nimemeza. Sasa acha na mimi niseme. Unadhani mimi nilikuwa nakaa huku nikishangilia? Kila alipopiga simu aliongea habari zako. Baba amefanya hivi, baba ameshika vile, baba amekula. Nimeandika programu nzima kwa ajili ya macho ya mtu mwingine. Mimi nikipofuka leo, mwanangu atajua siku nitakapoingia saluni yake nikamkalia mteja. Naona gere, tena kubwa kuliko lako. Wewe una mtoto aliyedanganya darasa zima ili usidhalilike, na unakuja kwangu kulalamika kwamba umeibiwa.

Nenda hospitali. Mchukue yeye mwende naye.

Mdogo wako

*

21 Julai

Mdogo wangu,

Shemeji yako anakusalimu, cherehani imetulia, ilikuwa sindano tu iliyopinda. Mama mwambie nitakuja kumwona nikishaona.

Nimekwenda. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limetangulia. Daktari aliniwekea kitabu cha rangi mbele nikamsomea kwa kujiamini, na Mchwa aliyekuwa amekaa pembeni akageukia ukuta. Daktari hakucheka, akaniambia ni jambo la kufanyiwa upasuaji na mtu akarudi kazini kwake. Jicho la kwanza ni mwezi ujao. Mkuu wa chuo nimemweleza mwenyewe, kwa mdomo wangu. Akaniuliza ni nani atakayefundisha kwa sasa. Nikamwambia ni mimi, na darasa litanisomea. Ndivyo tunavyofanya. Wanazisoma rangi kwa kelele kama wanaouza sokoni, mimi nabonyeza, na programu yako, lazima nikiri, haibabaiki. Mmoja nilimsifia. Alinitazama kama niliyepandwa na homa.

Lakini usifikiri nimekusamehe. Kuhusu macho siumii sana, macho yana daktari. Kilichonichoma ni kwamba mwanangu aliona kitu kwangu, akapanda gari kwenda kukuambia wewe. Nilikaa nalo siku nyingi, kisha nikamuuliza tukiwa tunasubiri dawa pale hospitali. Sikutaka kumfokea. Nilimuuliza tu, kwa nini yeye na si mimi?

Akafikiri, akasema, "Baba mdogo nikimwambia kitu anabaki vilevile. Wewe niliogopa utapungua."

Nikamwambia nimeshapungua, tena mbele ya wazazi wote wa mahafali, na bado nipo, anaweza kunihesabu vidole. Akacheka. Tukakaa. Watu wakawa wanaitwa majina dirishani na sisi hatujaitwa.

Hapo akaniambia jambo. Ni lake yeye mwenyewe, halihusu rezista wala macho yangu. Ni jambo kubwa, na amekuwa nalo muda mrefu. Mama yake halijui. Wenzake hawalijui. Nilimuuliza taratibu, baba mdogo je? Akasema hapana, bado.

Sikuandikii ni nini. Nimelishika mimi, na nitalishika kwa kadiri atakavyotaka. Nilirudi nyumbani nikiwa sioni vizuri hata vibao vya barabarani, na sijawahi kutembea kifua mbele namna ile.

Kaka yako

*

29 Julai

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika asubuhi na najibu papo hapo, kazi imesimama, wachapaji wananisubiri. Nakuombea upasuaji mwema. Mama anakuombea pia.

Ni jambo gani? Ni la heri au la shari? Ni mchumba? Anaacha chuo? Anaumwa? Kaka, mimi ni baba yake mdogo, nimemtengenezea programu nzima kwa mikono hii, huwezi kuniandikia nusu ya habari ukafunga bahasha.

Nilimpigia simu mara tu niliposoma. Nilimbembeleza, nikamtania, nikamwahidi kompyuta mpya. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu zote, kisha akaniambia maneno mawili tu.

"Muulize baba."

Haya. Nakuuliza.

Mdogo wako